Pampu, Kamera na Taa: Kila Kimoja na Anwani Yake
Hotuba kwa mafundi wa umeme na wenye nyumba, Lubumbashi

Wababa, wamama, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaofunga kamera na inverta kuanzia Kamalondo hadi Ruashi, hamjambo, na asanteni kwa kufika.

Naanza na pampu. Parsele nyingi za mji huu sasa zina kisima kilichochimbwa, pampu ya kupandisha maji kwenye tanki, na relei ndogo yenye wifi, yaani swichi inayopokea amri, inayowasha pampu hiyo jua likishapanda na paneli kuanza kutoa umeme wa kutosha. Relei ya aina ileile, iliyonunuliwa siku ileile, imefungwa kwenye taa za uani. Programu inayoendesha nyumba haijui pampu wala taa, inajua namba. Ikitaka pampu, inatuma amri kwa 192.168.1.23. Ikitaka taa, inatuma kwa 192.168.1.24.

Umeme unakatika saa nane usiku. Unarudi saa kumi na moja alfajiri, na vifaa vyote vinaamka kwa mkupuo. Safari hii relei ya taa inawahi kuomba namba, inapewa 23; ya pampu inapewa 24. Jioni saa kumi na mbili programu inasema "washa taa za uani", na pampu inaanza kuvuta. Tanki likiwa limejaa, maji yanamwagika hadi asubuhi. Kisima kikiwa kimeshuka, kama kinavyoshuka mwezi wa kumi kabla ya mvua, pampu inazunguka kavu mpaka inaungua. Fundi anayeitwa anakuta nyaya ziko sawa na relei zote mbili nzima, kwa sababu kilichohama ni namba.

Dawa yake ni kukipa kifaa cha namna hii anwani ya kudumu. Hilo wengi wenu mnalijua. Ninachotaka tukubaliane leo ni mahali pa kuiandika. Iandikwe kwenye ruta, ile boksi inayotoa wifi na kugawa namba hizi. Kuichapa ndani ya kifaa chenyewe kuachwe kwa vifaa vichache tu, na nitavitaja.

Kwanza tuone namba hizi zinatoka wapi. Kifaa kikiingia kwenye wifi hakina anwani. Kinaita mtandao mzima: nani anagawa anwani hapa? Ruta inajibu: ninayo hii. Kifaa kinasema: basi naiomba hiyo. Ruta inamaliza: ni yako, kwa muda huu. Maneno manne, yanakwisha upesi sana. Utaratibu huu unaitwa DHCP, na kanuni zake tunazozitumia hadi leo zilichapishwa mwaka 1997. Ule "muda huu", ruta zinazoandika Kifaransa huuita "bail", neno lilelile unalosaini na mwenye nyumba ukipanga. Kwa hiyo kifaa ni mpangaji. Mkataba ukiwa wa saa 24, kifaa kinarudi kuuongeza saa 12 zikipita. Kisipojibiwa kinaendelea kujaribu, na zikifika saa 21 kinaanza kumuuliza mgawaji yeyote aliyepo. Kikizimwa mpaka mkataba ukaisha, chumba chake kinaweza kupewa mwingine, na hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi vimeandikwa kwa watu ambao ruta yao inawaka mwaka mzima. Huko, mpangaji haondoki, mkataba unaongezwa kabla haujaisha, na anwani inaweza kudumu miaka bila mtu kuigusa. Sisi tuna delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Ruta nyingi za nyumbani huweka orodha ya wapangaji kwenye kumbukumbu ya muda, si kwenye ile inayobaki umeme ukikatika. Ruta ikizima, orodha imekwenda. Ikiwaka, inagawa upya kama vile nyumba imejengwa jana. Simu na kompyuta hukumbuka anwani yao ya mwisho na kuiomba tena kwa jina. Relei na prizi za bei ya chini mara nyingi hazikumbuki kitu, zinaomba chochote kilichopo.

Halafu kuna suala la nani anaamka kwanza. Relei inaamka kwa sekunde chache. Ruta inaweza kuchukua dakika moja, mbili, hata tatu. Kwa muda huo vifaa vinaita na hakuna wa kujibu. Kompyuta, na baadhi ya kamera, zikikosa jibu hujipa zenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona namba hiyo, usianze kukata na kubana upya vichwa vya kebo. Maana yake ni moja: kifaa kimeita na hakikusikia mgawaji. Vingi huita tena baadaye na kupona vyenyewe. Vingine hunyamaza kabisa mpaka uvizime na kuviwasha.

Mtu ataniambia: mbona kwangu miezi sita, umeme unakatika kila siku, namba hazijahama? Inawezekana, na si muujiza. Ruta nyingi ndani yake hutumia programu iitwayo dnsmasq, na yenyewe huchagua anwani kwa kupiga hesabu kwenye namba ya kiwandani ya kifaa. Kifaa kilekile huelekea kupata jibu lilelile, hadi siku mgeni aje na simu ambayo hesabu yake inaangukia hapohapo na iwahi kuketi. Ndiyo sababu hitilafu hii huonekana mara moja kwa miezi kadhaa, na ndiyo sababu haikamatiki.

Sasa, kuna mafundi ambao wakisikia "anwani ya kudumu" wanaingia moja kwa moja kwenye kamera, wanazima DHCP, wanachapa 192.168.1.50, maski 255.255.255.0, lango 192.168.1.1, wanashuka ngazi, wanalipwa. Inafanya kazi. Itafanya kazi mpaka mwenye nyumba abadilishe kampuni ya intaneti. Na hapa kwetu watu hubadilisha: mwezi huu mega ni nafuu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, mwaka huu wengine wanaweka dishi la setilaiti. Boksi mpya inakuja na mtandao wake. Modemu ya mfukoni ya Huawei mara nyingi ni 192.168.8.1, boksi za faiba za kampuni hiyohiyo mara nyingi ni 192.168.100.1, TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, MikroTik ni 192.168.88.1. Kamera iliyochapwa 192.168.1.50 ikijikuta kwenye mtandao wa 192.168.8 haionekani wala haisikiki. Simu haiifikii, ruta haiijui. Inabaki kupanda ngazi na sindano ya kubonyeza kitundu cha kurudisha kiwandani, au kuipa kompyuta yako anwani ya mtandao ule wa zamani ili uingie kuibadilisha, kamera moja moja. Kwa kamera nane, siku imekwisha.

Anwani iliyotengwa kwenye ruta haina taabu hiyo. Kifaa kinabaki kwenye DHCP kama kilivyotoka kiwandani, kinaomba anwani kama kawaida, ila ruta imeagizwa: huyu akija, mpe hii na usimpe mwingine. Ukibadili mpango, unabadili mahali pamoja, ukiwa umekaa kwenye kiti.

Vya kuchapiwa kwa mkono ni ruta yenyewe, vituo vya wifi na swichi za mtandao zinazosimamiwa, na seva ya nyumba kama ipo, yaani kompyuta inayoendesha vifaa, hasa ikiwa seva hiyo ndiyo inayogawa anwani. Hivi vinatakiwa vipatikane hata siku DHCP imekufa, maana kupitia kwao ndipo utakapoifufua. Kinasa cha kamera pia nakubali kichapiwe, ingawa kukitengea kwenye ruta si kosa. Ila hakikisha anwani unayochapa iko nje ya fungu ambalo ruta inagawa. Ruta inayogawa kuanzia 100 hadi 199 haijui kwamba wewe umejichukulia 120. Siku moja itampa mtu.

Kabla ya kutenga chochote, weka ruta yako mwenyewe nyuma ya boksi ya kampuni. Hili naliona ni muhimu kuliko yote yatakayofuata. Boksi ya kampuni iingie kwenye tundu la intaneti la ruta yako, na vifaa vyote vya nyumba vishike wifi ya ruta yako. Kampuni ikibadilika, unachomoa kebo moja na kuchomeka nyingine, na kamera hazijui kama kuna kitu kimetokea. Sharti ni kwamba mtandao wa ndani usifanane na wa boksi. Boksi ikigawa 192.168.1 na ruta yako nayo ikiwa 192.168.1, ruta haijui upande wa nje ni upi na wa ndani ni upi, na intaneti haitapita. Chagua namba ambayo boksi za kampuni hazina mazoea nayo, kwa mfano 192.168.50. Ni halali: tangu mwaka 1996 anwani zote zinazoanza na 192.168, pamoja na zile zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31, zimetengwa kwa mitandao ya ndani. Hakuna wa kukuuliza.

Kwenye 192.168.50 unapata nafasi 254. Zipange kama mitaa. Ruta inakaa 1. Vituo vya wifi na swichi, 2 hadi 9. Seva, kinasa na printa, 10 hadi 19. Kamera zianze 21, na hapa fanya kitu kimoja kitakachokuokoa baadaye: kamera ya chaneli ya 1 iwe 21, ya chaneli ya 2 iwe 22, ya 7 iwe 27. Chaneli ya 7 ikiwa nyeusi kwenye skrini, huhitaji kutafuta daftari. Inverta, kisoma betri na mita ya umeme, 41 hadi 49. Relei, prizi na ampuli (ndugu zetu wa Tanzania husema soketi na balbu), 51 hadi 89. Fungu la kugawa kwa simu, kompyuta na wageni liwe 100 hadi 199. Zinazobaki ziache, nyumba hukua.

Kutenga kwenyewe ni kazi ya dakika mbili kwa kifaa. Unahitaji namba ya MAC, ile ya kiwandani: jozi sita za tarakimu na herufi, kwa mfano wa umbo lake 3C:61:05:0A:B2:7F. Jozi tatu za mwanzo hutambulisha mtengenezaji, tatu za mwisho ni za kifaa. Herufi haziendi zaidi ya F, kwa hiyo unachodhani ni herufi O ni sifuri. Huwa imebandikwa mgongoni mwa kifaa, lakini mimi siamini sana kibandiko. Afadhali kuwasha kifaa kwanza, kukiacha kiingie kwenye wifi, kisha kuisoma kwenye orodha ya ruta jinsi ruta inavyoiona. Vifaa viwashe kimoja kimoja. Ukiwasha relei sita za aina moja pamoja, utapata mistari sita inayofanana na hutajua ipi ni ya pampu.

Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta, ingia na nenosiri. Tafuta sehemu ya DHCP. Kwenye ruta za Kifaransa maneno ni "réservation d'adresse" au "bail statique". Kwenye MikroTik unafungua orodha ya mikataba, unachagua kifaa, unakigeuza kuwa cha kudumu, kisha unabadili namba. Weka MAC, weka anwani unayotaka, andika jina linaloeleweka: "pampu-kisima", si "ESP_0AB27F". Hifadhi. Sasa zima kifaa na ukiwashe tena. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kifaa kina mkataba wa zamani mkononi na kitaendelea nao mpaka saa ya kuuongeza ifike. Fundi anatenga 61, anaangalia, bado kinasoma 134, anadhani ruta ni mbovu, anafuta na kuanza upya.

Kikirudi, jaribu kwa kompyuta amri ya kukiita kifaa uone kama kinajibu: ping 192.168.50.61. Ikijibu, zima kifaa na ujaribu tena. Ikiendelea kujibu wakati kifaa kimezimwa, kuna mwingine amekalia namba hiyo, na umemjua kabla hajakuletea shida. Mwisho, nenda kwenye programu ya simu, kwenye kinasa au kwenye seva, uandike anwani mpya. Usisahau hili, maana programu bado inaamini ile ya zamani.

Sasa tukae kwenye yanayoharibika, maana ndiko mnakoitwa.

La kwanza kwa wingi ni wagawaji wawili. Mtu ana ruta ya zamani, anaona aitumie kupeleka wifi kwenye nyumba ya nyuma. Anachomeka kebo, inatoa wifi, anafurahi. Lakini ruta ile bado inagawa anwani. Kifaa kikiita, anayejibu upesi ndiye anayepata mpangaji. Utakuta nusu ya vifaa vina 192.168.50, nusu vina 192.168.0, na kila delestaji inawachanganya upya. Kwenye ruta ya pili zima DHCP, ipe anwani ya 2, na kebo itoke tundu la ndani la ruta ya kwanza hadi tundu la ndani la ya pili, si lile la intaneti.

La pili ni virudia-wifi, vile vidogo vya kuchomeka kwenye prizi ya ukutani. Baadhi yake, vikipokea kifaa, hukiwasilisha kwa ruta kwa MAC nyingine viliyojitungia. Umetenga kwa kusoma kibandiko cha kamera, kumbe ruta haijawahi kuiona namba hiyo. Ndiyo sababu nimesema soma kwenye orodha ya ruta. Na ukiisoma hapo, jua kwamba siku kamera itakaposhika wifi kuu badala ya kirudia-wifi, itakuja na jina lake la kweli na kukosa chumba chake. Kama kuna uwezo, vuta kebo na uweke kituo cha wifi.

Kifaa chenye tundu la kebo na wifi kina MAC mbili. Ukikitengea kikiwa kwenye kebo kisha ukakihamishia wifi, kwa ruta huyo ni mtu mwingine. Vilevile relei zenye chipu ya ESP8266: ule mtandao wa muda zinaorusha wakati wa kuzisajili una MAC tofauti na ile zitakayotumia zikishaingia kwenye wifi ya nyumba. Usinakili ile ya mwanzo.

Kamera mpya za Dahua mara nyingi hutoka kiwandani na anwani ileile, 192.168.1.108. Za Hikvision, 192.168.1.64. Ukichomeka nne pamoja kwenye swichi na zisiwe zimewekwa DHCP, zote nne zinagombania namba moja. Dalili yake ni picha inayokuja na kupotea, ukurasa unaofunguka kwa kamera hii, ukibonyeza tena unaonyesha nyingine. Chomeka moja, iweke DHCP, itengee, ndipo uchomeke ya pili. Kama kinasa kina matundu ya kebo yanayolisha kamera umeme, jambo linabadilika: hapo kinasa ndicho kinachogawa anwani kwa kamera zake, kwenye mtandao wake wa ndani, na ruta haizioni. Utatenga moja tu, ya kinasa.

Kuna simu pia. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia MAC ya bandia kwa kila wifi, na baadhi huibadilisha. Utaitambua kwa tarakimu ya pili ya MAC: ikiwa 2, 6, A au E, mara nyingi ni ya kutunga. Kutengea simu anwani ni kazi bure usipozima tabia hiyo kwa wifi ya nyumba, na kusema kweli simu haihitaji.

Tukiwa hapo: si kila kitu kinahitaji. Kinachohitaji ni kile kinachotafutwa na kingine. Kamera inatafutwa na kinasa, kupitia mlango wa 554 (mlango, au "port", ni namba ya huduma ndani ya kifaa). Inverta inatafutwa na programu inayosoma betri. Vifaa vya GX vya Victron, vile vinavyosimamia inverta na betri za kampuni hiyo, husomwa kupitia mlango wa 502 ukiuwasha kwenye mipangilio, na hapo anwani ikihama, grafu ya betri inakatika na usijue kama ni betri au ni mtandao. Relei inayopokea amri kutoka seva ya nyumbani inahitaji. Printa inahitaji. Ampuli inayopata amri zote kutoka kwa seva za mtengenezaji huko nje haihitaji, yenyewe ndiyo inayotoka kwenda kuuliza. Vifaa vya Zigbee, vinavyotumia redio yao badala ya wifi, havina anwani ya IP, yaani namba hizi tunazozungumzia, kabisa. Tenga ya kitovu chao, basi. Ruta nyingi za nyumbani zina kikomo cha anwani zinazotengwa, kwa hiyo usizimalizie kwenye vitu visivyotafutwa.

Kuhusu kuona kamera ukiwa Kolwezi au Likasi. Wateja wengi wakisikia "anwani ya kudumu" wanadhani sasa wataipigia kamera kutoka popote. Sivyo. 192.168.50.21 ni namba ya chumba ndani ya nyumba. Nje ya geti haina maana, na ziko nyumba chungu nzima duniani zenye namba hiyohiyo. Isitoshe, intaneti ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Angalia kwenye boksi ya kampuni anwani iliyopewa upande wa nje: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au ikianza na 10, hakuna mlango wa kufungua hata ukitaka. Na hata pale unapowezekana, usiufungue. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilikusanya kamera na vinasa vya watu kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani, kisha kikavitumia kuangusha huduma kubwa za intaneti. Tumia programu ya mtengenezaji, au handaki la WireGuard, yaani njia iliyofungwa kwa siri, linaloanzia ndani ya nyumba kwenda nje.

Turudi kwenye umeme, kwa sababu hata mpango mzuri unafanya kazi vizuri zaidi ruta isipozima. Ruta yenye adapta ya 12 V na ampea 1 haiwezi kula zaidi ya wati 12, na nyingi hula 6 hadi 8. Betri ya risasi ya 12 V na 7 Ah ina saa-wati 84. Usiikamue yote, itakufa mapema; tumia nusu, 42, na ruta inakaa saa 5 hadi 7. Lakini usifunge waya kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye ruta: betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi kidogo, na si ruta zote zinavumilia. Weka kidhibiti cha 12 V katikati, au nunua kiboksi cha akiba kilichotengenezwa kwa ajili ya ruta. Kwenye nyumba yenye inverta, hamishia ruta na swichi kwenye laini ya inverta, na hili mwambie mteja kabla ya kupiga plasta.

Na hifadhi mpango. Ruta huwa na sehemu ya kupakua mipangilio yake kama faili. Ipakue, mpe mteja, baki na nakala, maana mtoto akibonyeza kitundu cha nyuma, vyote ulivyotenga vimefutika. Andika pia kwenye karatasi: jina la kifaa, MAC, anwani, chumba kilipo. Ibandike ndani ya mlango wa sanduku la dijonkta, zile swichi kuu za umeme wa nyumba. Fundi atakayekuja baada yako anaweza asikujue wala asiwe na simu yako, ila sanduku hilo atalifungua. Manenosiri usiyaandike hapo.

Kwenye meza hii kuna ruta moja, kamera mbili, relei nne, na balbu zimefungwa badala ya pampu. Relei mbili zimetengewa anwani, mbili hazijatengewa. Fundi uliye karibu na ukuta, shusha dijonkta ya meza. Tuhesabu hadi sitini. Haya, ipandishe, na tusome orodha ya ruta pamoja.